Kupima njia tatu za kazi: uchambuzi wa kisa cha mtaalamu mmoja wa maabara

Usuli wa kisa

Mhusika wa kisa hiki, ambaye hapa tutamwita Bi. K., alikuwa na umri wa miaka 36 alipokuja kuomba ushauri wa kazi. Alikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali kubwa, kazi aliyoifanya kwa miaka 12 mfululizo, mingi kati ya hiyo akiwa kwenye meza ya damu na vimelea, mahali ambapo jicho lililozoea hadubini huthaminiwa kuliko cheti. Alikuwa na shahada ya kwanza aliyoisoma akiwa kazini, watoto wawili, mume ambaye kipato chake kilipanda na kushuka, na mama mzazi aliyehamia kwake baada ya kupata kiharusi. Majina ya hospitali, kampuni na chuo vinavyohusika yameachwa, na mambo machache yasiyoathiri mafunzo ya kisa yamebadilishwa ili asitambulike.

Katika muda wa wiki chache alijikuta na njia tatu mbele yake. Mkuu wa kitengo chake alikuwa anakaribia kustaafu, na uongozi ulikuwa umemdokezea kwamba akiiomba nafasi hiyo atafikiriwa kabla ya wengine. Kampuni inayouza na kuhudumia mashine za maabara ilimtaka awe mtaalamu wake wa matumizi, yaani mtu anayezunguka hospitali mbalimbali kusimamia ufungaji wa mashine mpya, kuwafundisha watumiaji na kutatua hitilafu za vipimo, kwa mshahara wa msingi uliouzidi wa kwake kwa karibu nusu, pamoja na kamisheni. Na chuo kinachofundisha wataalamu wa maabara kilikuwa tayari kumpokea kama mkufunzi wa muda, kikimweleza kwamba ajira ya kudumu ingewezekana akishapata shahada ya uzamili.

Ni muhimu kusema mapema kwamba Bi. K. hakuwa anaikimbia kazi anayoichukia. Watu wengi wanaokuja na njia kadhaa mkononi huwa wana kitu wanachokikimbia, na kitu hicho kikishatajwa waziwazi, nusu ya mjadala huwa imekwisha. Yeye aliipenda kazi yake. Kilichomchosha ni zamu za usiku, na kilichomtia hofu ni wazo kwamba baada ya miaka mingine kumi angekuwa amekaa kwenye kiti kilekile.

Karatasi aliyokuja nayo

Bi. K. alileta karatasi aliyoigawa sehemu tatu, moja kwa kila njia, na kila sehemu ikiwa na safu ya faida na safu ya hasara. Kila jambo alilipa alama kuanzia 1 hadi 5. Alipojumlisha, kampuni iliongoza, ukuu wa kitengo ukafuata, na ukufunzi ukawa wa mwisho kwa mbali. Lakini karatasi yenyewe ilisema zaidi ya jumla yake. Kwenye mstari wa "kusafiri", upande wa hasara za kampuni, 2 ilikuwa imefutwa ikaandikwa 4. Na kwenye "kufundisha", upande wa faida za ukufunzi, 3 ilikuwa imegeuzwa kuwa 5. Hata baada ya marekebisho hayo kampuni ilibaki mbele, na hapo ndipo alipoamua kutafuta mtu wa kuzungumza naye.

Mtu anayebadilisha alama mpaka jibu limpendeze huenda tayari anajua anachokitaka. Hata hivyo, si sahihi kumwambia afuate hilo na mambo yaishe, kwa sababu kinachozisukuma alama kinaweza kuwa hamu ya kweli au kinaweza kuwa woga wa mabadiliko, na kwenye karatasi viwili hivi vinafanana kabisa.

Kasoro nyingine zilionekana baada ya kuisoma orodha mstari kwa mstari. Upande wa faida za ukuu wa kitengo kulikuwa na "cheo", "heshima" na "kutambuliwa na wakubwa", kila kimoja na alama zake. Lakini alipoulizwa tofauti ya vitu hivyo vitatu, alikiri kwamba ni kitu kimoja alichokihesabu mara tatu. Upande wa hasara za kampuni, "kulala ugenini" na "kuwa mbali na watoto" yalikuwa vivyo hivyo. "Gari la kampuni" lilipewa 4 na "pensheni" ikapewa 3, si kwa sababu gari lina thamani kuliko pensheni bali kwa sababu gari linaonekana na pensheni haionekani.

Utaratibu wa safu mbili una historia ndefu, na mfano wake unaojulikana zaidi ulihusu uchaguzi wa kazi. Tarehe 19 Septemba 1772, Benjamin Franklin, akiwa London, alimwandikia barua Joseph Priestley, mchungaji na mwanasayansi wa Leeds, aliyekuwa anajiuliza kama aache kanisa lake akamtumikie Lord Shelburne, mwanasiasa wa Uingereza, kama mtunza maktaba. Franklin hakumwambia achague nini. Alimweleza namna ya kuchagua: agawe karatasi kwa mstari, aandike hoja za pande zote kadiri zinavyomjia kwa muda wa siku tatu au nne, kisha azipime uzito na kuzifuta zile zinazolingana, pengine hoja moja ya upande huu dhidi ya mbili za upande wa pili, mpaka aone mizani inalalia wapi. Wanaoutumia utaratibu huo leo huchukua mstari wa katikati na kusahau mengine. Bi. K. aliandika orodha yake yote usiku mmoja, akitoka zamu, na badala ya kufuta hoja zinazolingana alizijumlisha.

Maamuzi yaliyofanyika, kwa mfuatano

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuziweka alama kando na kutenganisha masharti na matamanio. Sababu yake ni kwamba mizani hulinganisha vitu vinavyoweza kufidiana, na si kila kitu katika maisha ya mtu kinafidika. Mshahara mkubwa unaweza kufidia safari ndefu ya kwenda kazini; hauwezi kufidia jambo ambalo mhusika hatalikubali kwa malipo yoyote. Baada ya mazungumzo marefu Bi. K. alibaki na masharti mawili tu: kwamba kipato cha nyumbani kisipungue kwa kiasi kikubwa kwa zaidi ya miezi michache, na kwamba asilale nje ya nyumba zaidi ya siku nne kwa mwezi maadamu mama yake anahitaji kugeuzwa na kunyweshwa dawa usiku. Aliulizwa kama fedha ya ziada isingeweza kumlipa mtu wa kumhudumia mama. Alijibu kwamba walishajaribu mara mbili, na mama akakataa kula mpaka binti yake arudi.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuacha kulinganisha vyeo na kulinganisha wiki za kazi. Bi. K. aliombwa aandike wiki nzima ya kila njia, asubuhi hadi jioni, asiitoe kichwani mwake bali aipate kwa watu wanaoifanya kazi hiyo, na kwa kila njia awemo angalau mtu mmoja aliyeiacha. Msingi wa ushauri huu ni kwamba binadamu ni wabaya wa kutabiri watakavyojisikia mahali ambapo hawajawahi kuwa. Daniel Gilbert na wenzake walichapisha mwaka 2009 utafiti ambao wanawake waliombwa kukadiria wangefurahia kiasi gani mazungumzo mafupi na mwanamume wasiyemjua. Waliopewa maelezo na picha yake walikosea zaidi kuliko walioambiwa tu jinsi mwanamke mwingine alivyoyafurahia mazungumzo hayo, ingawa wengi waliamini maelezo na picha vingewasaidia zaidi. Tangazo la kazi ni maelezo na picha.

Hatua hii ndiyo iliyobadilisha sura ya kisa. Mtaalamu wa matumizi aliyekuwa bado kwenye kampuni alisema kazi ina "kuzunguka kidogo". Aliyeiacha alifungua kitabu chake cha kumbukumbu, na katika mwezi mmoja wa kawaida kulikuwa na usiku 11 alizolala nje, mbali na simu za saa nne usiku kutoka kwenye maabara ambayo mashine yake imekataa kutoa matokeo. Kamisheni nayo ilitegemea kiasi cha vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, kilichouzwa katika eneo zima, si ubora wa mafunzo anayoyatoa mtu. Kwa haki, huyohuyo alisema pia kwamba hakuna mahali alipojifunza mengi kwa muda mfupi kama pale.

Kuhusu ukuu wa kitengo, Bi. K. alikuwa amemwona mkuu wake kila siku kwa miaka 12 bila kumuuliza anafanya nini akishafunga mlango. Alipomuuliza, alionyeshwa ratiba za zamu, maombi ya vitendanishi yaliyorudishwa mara tatu, barua za kueleza kwa nini majibu ya wodi fulani yalichelewa, na majalada ya maandalizi ya ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kwamba maabara inakidhi viwango, chini ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba ambacho toleo lake la sasa ni la mwaka 2022. Hadubini ya ofisini ilikuwa imefunikwa kwa mfuko wa plastiki, na mfuko wenyewe ulikuwa na vumbi.

Kisha zikaja hati za mshahara. Bi. K. alileta za miezi mitatu, na ilionekana kwamba karibu robo ya kinachoingia mkononi kila mwezi ilitokana na posho za usiku na zamu za ziada. Mkuu wa kitengo haingii zamu za usiku. Nyongeza ya cheo ingemezwa karibu yote na posho zitakazokatika, na mstari ulioandikwa "mshahara mkubwa zaidi" chini ya njia hiyo, uliopewa alama 4, ukabaki hauna kitu. Yeyote anayepima njia za kazi huku analipwa kwa posho anapaswa kuanza na hesabu hii kabla ya nyingine yoyote. Ni ya kuchosha, haina hadhi, na ndiyo inayobomoa orodha nyingi zaidi.

Uamuzi wa tatu ulihusu kurudi nyuma. Badala ya kuuliza njia ipi ni bora, swali likawa: ikishindikana, ipi inamruhusu kurudi, na kwa gharama gani? Kwenda kampuni kulimaanisha kujiuzulu, na akitaka kurudi hospitalini angeomba kama mgeni, bila miaka yake ya utumishi. Kuachia ukuu wa kitengo baada ya kuteuliwa kuliwezekana kwenye karatasi, lakini nani hushuka cheo mbele ya wenzake bila kuonekana ameshindwa? Ukufunzi wa muda ungeweza kuisha muhula wowote bila kugusa ajira yake.

Hapa inafaa kumrudia Priestley. Aliikubali kazi ya Shelburne, akahamia Calne mwaka 1773, na mwaka uliofuata akafanya jaribio lililompatia gesi ambayo baadaye iliitwa oksijeni. Simulizi hilo hutolewa kama sifa ya safu mbili za Franklin. Kwa maoni ya mwandishi wa uchambuzi huu, sifa kubwa zaidi iende kwenye mapatano aliyoyafanya kabla ya kuondoka Leeds: zaidi ya malipo ya pauni 250 kwa mwaka na nyumba, walikubaliana kwamba wakiachana atalipwa pauni 150 kila mwaka maisha yake yote. Waliachana mwaka 1780 na malipo hayo yakaendelea. Alichokifanya ni kupunguza hasara ya kukosea kabla hajajua kama atakosea.

Bi. K. alijaribu kufanya kitu cha namna hiyo. Aliomba hospitali impe likizo ya mwaka mmoja bila malipo ili aijaribu kampuni; ombi likakataliwa. Akaiomba kampuni mkataba wa miezi sita. Nayo ikakataa, ikataka jibu ndani ya siku 10, kisha ikamwongezea hadi mwisho wa mwezi.

Uamuzi wa nne ulikuwa kujaribu kile kinachoweza kujaribiwa. Mkuu wa kitengo alikuwa na likizo zilizolimbikizwa za miezi mitatu kabla ya kustaafu, na Bi. K. akakubali kukaimu. Wakati huohuo alianza kufundisha vipindi vya vitendo chuoni kila Jumamosi. Tatizo lilikuwa la kalenda: muda wa kampuni uliisha katika wiki ya tatu ya kukaimu, kabla majaribio hayajasema lolote la maana. Alikataa ofa hiyo kwa sababu ya sharti la kulala nje, na mwajiri alimweleza bila kuficha kwamba haitarudi. Mwenzake wa meza ya kemia aliichukua.

Wakati wa kukaimu aliandika kila jioni mambo mawili: kilichompa nguvu siku hiyo na kilichomnyonya. Siku moja alikaa mchana mzima akisuluhisha wafanyakazi wawili waliotaka mapumziko ya wikiendi ileile, na mmoja wao hakumsalimia kwa wiki nzima. Siku nyingine, alipokuwa anapitia chati za Levey-Jennings za mashine ya damu, yaani chati zinazoonyesha kama matokeo ya sampuli za udhibiti yanakaa karibu na wastani, aliona kwamba kila nukta ya udhibiti ilikuwa ndani ya mipaka inayokubalika, lakini 10 za karibuni zote zilikuwa juu ya wastani. Aliagiza majibu ya mashine hiyo yasitolewe mpaka chanzo kijulikane, na kikapatikana: shehena mpya ya kitendanishi. Kisha akawakusanya vijana wa mafunzo kwa vitendo akawaonyesha jinsi chati inavyoweza kuwa "sawa" huku mashine inapotoka. Siku hiyo aliandika kurasa mbili.

Uamuzi wa tano, uliofanyika mwishoni mwa miezi hiyo mitatu, ulikuwa kutoiomba nafasi ya mkuu wa kitengo, bali kupendekeza kwa uongozi awe msimamizi wa ubora na mafunzo ndani ya kitengo, jukumu ambalo maandalizi ya ithibati yalilihitaji na halikuwa na mtu, na kuanza shahada ya uzamili ya mwisho wa wiki. Sababu haikuwa kwamba angeongoza vibaya. Ni kwamba ustadi wake kwenye meza, ambao ndio uliofanya afikiriwe kwanza, haukuwa ushahidi wa ustadi wa kusimamia watu. Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2019 kuhusu kampuni 131, walionyesha kwamba wauzaji bora ndio waliopandishwa zaidi kuwa wasimamizi, na kwamba ubora wao wa kuuza ulikwenda pamoja na usimamizi dhaifu zaidi. Maabara si duka, lakini kishawishi cha kumtuza fundi kwa kumwondoa kwenye ufundi ni kilekile.

Matokeo

Uongozi ulikubali majukumu mapya mara moja na daraja jipya baada ya miezi minane. Katika miezi hiyo zamu zake za usiku zilipunguzwa kwa nusu, na kipato kikashuka kwa takriban sehemu moja ya sita. Nafasi ya mkuu wa kitengo ilichukuliwa na mwenzake mwenye umri mdogo kwa miaka mitano, ambaye Bi. K. mwenyewe aliwahi kumfundisha kusoma slaidi, na Bi. K. alikiri kwamba jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyelikataa.

Chuo kilirefusha mkataba wake mara moja, kisha kikapunguza vipindi kwa nusu kwa sababu ya uchache wa wanafunzi. Mwenzake aliyekwenda kampuni alipandishwa cheo ndani ya mwaka. Na miezi saba baada ya ofa ile kukataliwa, mama yake Bi. K. alifariki.

Taarifa hii inaandikwa akiwa katika mwaka wa pili wa uzamili. Daraja limepatikana, kitengo kinasubiri ukaguzi wa ithibati, na kipato chake kimerudi karibu na pale kilipokuwa mwanzo, lakini hakijafika kile ambacho kampuni ingempa.

Uchambuzi: yaliyofaa

Kilichofaa kuliko vyote ni kubadilisha kipimo kutoka cheo kwenda wiki ya kazi. Orodha ya kwanza ilikuwa na mambo ambayo karibu yote yangeweza kuandikwa na mtu asiyeijua maabara: mshahara, heshima, usalama wa ajira. Baada ya kuzungumza na wahusika, maneno yakawa usiku 11, mfuko wa plastiki juu ya hadubini, robo ya kipato inayotoka kwenye posho. Mambo haya hayahitaji alama ili yaeleweke uzito wake. Waliokwisha kuiacha kazi ndio waliotoa taarifa za thamani zaidi, ingawa lazima wasikilizwe kwa tahadhari, kwa kuwa kila aliyeondoka ana sababu ya kutetea kuondoka kwake.

Kuandika kila jioni wakati wa kukaimu nako kulizaa matunda, hasa kwa sababu kumbukumbu ya mtu huelekea kubaki na siku mbaya zaidi na siku ya mwisho. Laiti asingeandika, ugomvi wa wikiendi ungeweza kuwa ndiyo picha yote ya ukuu wa kitengo. Maandishi yalionyesha kwamba si uongozi wote uliomchosha. Kufuatilia ubora na kufundisha, ambavyo pia ni sehemu ya uongozi, vilijirudia kwenye upande wa nguvu kila wiki. Nafasi ya nne, ambayo haikuwa kwenye karatasi yoyote, ilitokana na maandishi hayo.

Yaliyokwama

Kosa kubwa zaidi katika mchakato mzima lilikuwa la nyumbani. Mume alishirikishwa kuchelewa. Bi. K. alikuwa amemweleza habari za ofa ya kampuni siku ilipotoka, kwa furaha, na hakumweleza mashaka yaliyofuata. Mume akaamini jambo limekwisha, akachukua mkopo akitegemea mshahara mpya. Alipoambiwa kwamba ofa imekataliwa, makato yalikuwa yameshaanza. Mvutano uliofuata ulidumu miezi kadhaa na uliathiri masomo yake kuliko uchovu wa kazi. Ukiitazama tena karatasi ya kwanza, jina la mume halimo mahali popote, si kwenye faida wala kwenye hasara, wakati sharti la kwanza kabisa, lile la kipato cha nyumbani, lilimhusu yeye sawasawa na mkewe. Orodha ya faida na hasara ina tabia ya kumfanya mwandishi wake aonekane yuko peke yake duniani.

La pili ni kwamba sharti la kulala nje liliandikwa bila tarehe. Lilikuwa sharti la kweli, na hakuna anayeweza kumlaumu kwa kulitii. Lakini lilikuwa la kipindi, ilhali ofa iliyokataliwa kwa sababu yake ilikuwa ya mara moja. Kila sharti lilipaswa kuandikwa pamoja na swali la linatarajiwa kudumu kwa muda gani, hata kama jibu lake linauma kulitamka. Kulijibu kusingelazimisha uamuzi tofauti. Kungemfanya aombe kwa nguvu zaidi kuahirishwa kuliko mkataba mfupi, au aweke mawasiliano na kampuni nyingine za aina hiyo, jambo ambalo hakulifanya.

La tatu, kukaimu ni jaribio lenye upungufu. Kaimu hana mamlaka kamili ya kuadhibu wala kuajiri, wenzake humvumilia wakijua ni kwa muda, na matatizo makubwa husubiri mwenye kiti. Huenda aliyaona mepesi kuliko yalivyo, na huenda ugomvi wa ratiba ulitokana na ukaimu wenyewe, kwa kuwa hakuna anayebishana sana na mkuu aliyethibitishwa. Miezi mitatu ilimwonyesha anachokipenda. Haikumwonyesha angekuwa mkuu wa namna gani katika mwaka wa tatu.

Kuna pia lile neno alilolirudia mara nyingi katika mazungumzo, kwamba miaka yake 12 "isipotee". Lilitumika kupinga kampuni na kuunga mkono ukuu wa kitengo. Hal Arkes na Catherine Blumer walieleza mwaka 1985 jinsi watu wanavyoendelea na jambo kwa sababu tu wameshaligharimia, na mtego huo upo katika kila uchaguzi wa kazi. Lakini utumike kwa uangalifu: sehemu ya miaka hiyo ilikuwa gharama iliyokwisha kulipwa, na sehemu nyingine, kama pensheni na jicho la hadubini, ilikuwa mali inayoendelea kuzaa. Mazungumzo hayakuzitenganisha sehemu hizo mbili vya kutosha.

Kuupima uamuzi mbali na matokeo yake

Msomaji anaweza kushawishika kuhitimisha kwamba Bi. K. alikosea, kwa kuwa mwenzake kwenye kampuni amepanda na sharti lililomzuia liliondoka ndani ya mwaka. Jonathan Baron na John Hershey walionyesha mwaka 1988 kwamba watu huuhukumu uamuzi uleule kuwa bora zaidi ukiisha vizuri kuliko ukiisha vibaya, hata pale ambapo taarifa alizokuwa nazo mwamuzi hazikubadilika hata kidogo. Siku ya kukataa ofa, Bi. K. alijua mama yake anahitaji kuhudumiwa usiku, alijua idadi ya siku za kulala nje, na alishakataliwa njia zote mbili za kurudi nyuma. Kwa taarifa hizo uamuzi ulikuwa sahihi. Kinachostahili kukosolewa ni kile alichoweza kukijua na hakukiuliza: mipango ya mume kuhusu fedha, muda ambao uongozi ungechukua kutoa daraja, na mwenendo wa idadi ya wanafunzi chuoni, ambao ofisi ya usajili ingemwambia kwa swali moja.

Mipaka ya kisa

Bi. K. alikuwa na ajira ya kudumu, mkuu aliyekuwa na likizo za kutosha kumpisha, na chuo kilichohitaji mtu wa Jumamosi. Mfanyakazi wa mkataba mfupi, au mhitimu anayechagua kazi ya kwanza, hana majaribio ya aina hiyo. Kwake, hatua inayobaki na nguvu ileile ni ya kuzungumza na waliomo na waliotoka, kwa kuwa haihitaji ruhusa ya mwajiri, na hesabu ya kinachoingia mkononi baada ya posho na makato. Swali la kurudi nyuma hubadilika kidogo: asiye na nafasi ya kurudi hapotezi chochote kwa kutorudi, hivyo anaweza kuthubutu mahali ambapo Bi. K. alipaswa kusita. Anachopaswa kukichunguza ni kama kazi ya kwanza itamwachia ujuzi unaotambulika nje ya mwajiri huyo mmoja, kwa sababu katika miaka ya mwanzo hicho ndicho kitakachoamua ni njia ngapi atakuwa nazo mkononi atakapofika umri wa Bi. K.